Kabla hujapandisha mbwa wako: kazi na hela ambazo bei ya papi haikuonyeshi

Hesabu wanayopiga watu wengi ni hii, jike atazaa papi nane, kila mmoja nauza bei fulani, nane mara hiyo bei, basi hela ya kiwanja imepatikana. Hesabu hiyo imeacha nje karibu kila kitu. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye jike wa German Shepherd, yuko Dar, Pwani, Tanga au Morogoro huko, anataka azalishe na anataka afanye kwa haki, yaani mama abaki mzima, papi watoke wazima, na anayenunua apate mbwa kweli. Nimemchagua German Shepherd kwa sababu ndo tunampenda sana kwa ulinzi na ndo anaharibiwa zaidi na watu wenye haraka.

Naanza na hela kwa makusudi. Hela ya upasuaji wa kuzalisha iwepo, imetengwa, haiguswi, kabla dume hajaingia getini kwako. Nenda kwa daktari wa mifugo unayemwamini muulize akifanya upasuaji saa nane usiku anachukua shilingi ngapi, na dawa za baada ya hapo shilingi ngapi, andika, weka pembeni. Kama haipo usipandishe msimu huu, jike atakuja joto tena, yaani kutaka dume, baada ya miezi sita hivi, hakuna kilichoharibika. Papi akikwama njiani na wewe ndo unaanza kupigia watu simu kuomba mkopo, hapo mama na watoto wote wanaondoka, na huyo mnyama hakuomba kupandishwa.

Miaka miwili ya kulisha kabla ya papi hata mmoja

Jike wa German Shepherd anaweza kuja joto akiwa bado hajafikisha mwaka. Usimpandishe. Mifupa bado inakua, akili bado ya kitoto, na vipimo vya nyonga hujavifanya. Subiri afikishe miaka miwili. Sasa piga hesabu ya chakula tu, mbwa mzima wa aina hii anakula chakula kikavu kama gramu 400 hadi 500 kwa siku, hiyo ni kilo 12 mpaka 15 kwa mwezi, kwa miezi 24 uko kwenye kilo 300 hivi, na hapo hujaweka chanjo za kila mwaka, dawa za minyoo, dawa za kupe na mshahara wa kijana anayefagia banda. Ukimlisha ugali wa dona na dagaa au vichwa vya kuku unaweza kupunguza gharama lakini lazima ujue unachochanganya, ugali peke yake unajaza tumbo tu, jike wa namna hiyo akibeba mimba anajila mwenyewe mwilini.

Nyonga ndo jambo kubwa kwa huyu mbwa. Kuna ugonjwa wa nyonga kutokaa vizuri kwenye tundu lake, unarithiwa, na mbwa anaweza kukimbia vizuri kabisa akiwa mdogo afu akifika miaka mitano anashindwa kunyanyuka. Kwa macho huwezi kuuona mapema, lazima eksirei, na eksirei yenyewe mbwa anapigwa sindano ya usingizi alale chali miguu ya nyuma ivutwe imenyooka. Kwa mfumo unaotumika Ulaya matokeo yanapewa herufi A mpaka E, A ni safi, B karibu safi, D na E hao wasizalishe kabisa hata wawe wazuri kiasi gani wa sura. Marekani hawatoi cheti cha kudumu cha nyonga mpaka mbwa afikishe miezi 24, na ndo sababu nyingine ya ile miaka miwili. Viwiko pia vipigwe picha siku hiyohiyo maana usingizi ni mmoja, unaokoa hela. Kliniki zenye eksirei kwetu si nyingi, kwa aliye karibu na Morogoro, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wana hospitali ya wanyama ya kufundishia, ulizia kwanza kwa simu kabla hujasafirisha mbwa.

Kipimo kingine ni cha vinasaba, ugonjwa wa uti wa mgongo unaokuja ukubwani, mbwa anaanza kuburuta miguu ya nyuma akiwa na miaka nane hivi na dawa hakuna. Sampuli ni mate tu ya shavuni lakini mara nyingi inatumwa nje ya nchi, kwa hiyo kuna gharama ya kutuma na kusubiri. Faida yake ni kwamba mbwa aliyebeba jeni moja tu ya ugonjwa si lazima umtoe, unampandisha na aliye safi na hakuna papi atakayeugua. Ila wawili wote wakiwa wamebeba, kila papi ana nafasi ya robo kuchukua zile jeni mbili, na hakuna sababu ya kumfanyia hivyo mtoto wa mtu.

Ukoo nao uangalie. Mjini unakuta dume mmoja maarufu amepanda majike ya kata nzima, miaka miwili baadaye watoto wake wanapandishwa wao kwa wao na wenye mbwa hawana habari. Kaka na dada wakizaa, robo nzima ya vinasaba vya mtoto inaweza kuwa pacha kutoka kwa wazee walewale, na ndo hapo magonjwa yaliyojificha yanatoka. Omba karatasi za ukoo vizazi vitatu angalau. Kenya kuna East Africa Kennel Club wanaoandikisha ukoo wa mbwa, ukiambiwa mbwa ametoka Nairobi ana karatasi, zisome, usiridhike kuona muhuri.

Na tabia. Aliyemwanzisha huyu mbwa Ujerumani mwaka 1899, Max von Stephanitz, alitaka mbwa wa kazi, akili na moyo kwanza, sura baadaye, na mpaka leo chama alichokianzisha kinadai mbwa afaulu mitihani ya kazi na nyonga kabla ya kuruhusiwa kuzalisha kwenye utaratibu wao kamili. Kwetu hatuna mitihani hiyo kila mkoa lakini unaweza kupima mwenyewe, jike wako akisikia radi anajificha siku nzima? Anauma watoto wa nyumbani? Anamrukia kila mpita njia kwa woga? Ukali wa woga siyo ulinzi, na unarithiwa. Huyo mpende, mlinde, msizalishe.

Dume na siku za kupandisha

Hapa watu wanakimbia sana. Dume mzuri ana foleni, na mwenye dume anataka hela yake, lakini kabla hawajakutana wote wawili wapimwe. Kuna uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, unatokea sehemu za siri kama koliflawa unavuja damu, huku kwetu upo sana kwa sababu mbwa wa mitaani wanazurura. Unatibika kwa sindano za vinkristini za kila wiki kwa wiki kadhaa lakini gharama na mateso yake si ya kubahatisha. Kuna brusela ya mbwa inayotoa mimba na inaweza kumpata binadamu pia, kipimo cha damu. Na kwa sababu ya kupe wetu, pima damu magonjwa ya kupe kabla, maana jike mwenye elikia au babesia iliyolala, mimba ikimlemea ndo inaamka, na dawa nyingine huwezi kumpa akiwa na mimba.

Chanjo zake ziwe za karibuni, kinga ya papi wiki za mwanzo inatoka kwenye maziwa ya mama. Minyoo afanyiwe kabla.

Joto linakaa kama wiki tatu, wengi wanakubali dume kati ya siku ya 9 na 15, ila wapo wa mapema na wa kuchelewa, kipimo cha homoni ya projesteroni kinakuambia siku yenyewe kama kliniki yako inacho. Siku hizo zote jike afungiwe, geti likiachwa wazi dakika tano mbwa koko atamaliza shughuli na papi wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba wawili. Makubaliano na mwenye dume yaandikwe, analipwa hela au papi, jike asiposhika mimba inakuwaje, akizaa mmoja tu inakuwaje. Ugomvi mwingi wa wafugaji nilioushuhudia ulianzia hapo, watu walikubaliana kwa mdomo.

Mimba ni siku 63 hivi. Ultrasaundi karibu siku ya 28 inakuambia ipo au haipo. Eksirei baada ya siku ya 55 inakuhesabia papi, na hii wengi wanaiona anasa lakini mi naipigania, ukijua wapo saba na wametoka sita unajua kazi haijaisha, usipojua unaenda kulala na mmoja yuko ndani. Chakula kiongezwe wiki tatu za mwisho, kidogokidogo mara nyingi maana tumbo limebanwa. Kalsiamu ya vidonge usimpe kipindi cha mimba, inaulaza mwili wake usijue kutoa kalsiamu yenyewe, na akianza kunyonyesha anaanguka kwa degedege. Na usimpe dawa yoyote ya kujitungia, hasa ile sindano ya ng'ombe ya ivermectini ambayo watu wanachoma mbwa kwa kukadiria, kosa la nukta moja kwenye kipimo linaweza kuua.

Sanduku, joto na nzi wa embe

Tengeneza sanduku la kuzalia kama mita moja na robo kila upande, na ndani pembeni zungushia ubao au bomba sentimita kumi hivi kutoka ukutani ili mama akiegemea, papi apate pa kujiponea. Papi wa siku za mwanzo hawezi kujipasha mwili, wiki ya kwanza pale alipolala pawe na nyuzi 29 mpaka 32. Watu wa Dar wanasema kuna joto huku, ndiyo, lakini usiku wa Julai kwenye sakafu ya saruji yenye upepo papi anapoa, na papi aliyepoa hasagi maziwa. Taa ya vifaranga inafaa, ining'inie upande mmoja tu ili akisikia joto ahame. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa. Jiko la mkaa chumbani hapana, moshi wake usioonekana unaua wao na wewe uliyelala pembeni.

Sasa nzi wa embe. Anayefuga ukanda huu anamjua, anataga kwenye mchanga wenye kivuli na harufu ya mkojo na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, funza anaingia ngozini, unaona jipu lenye tundu dogo. Papi mwenye wiki mbili akipata funza ishirini anaweza kufa, kwa uchungu na kwa uchafu unaoingia. Kwa hiyo kila kitambaa kinachoingia kwenye sanduku kipigwe pasi pande zote mbili, kila kimoja, kila siku, na vinabadilishwa mara nyingi kwa sababu wanakojoa. Hii ndo kazi ninayoisema haionekani, hakuna mnunuzi atakayekuuliza ulipiga pasi vitambaa vingapi. Sanduku lisikae juu ya mchanga, na kila jioni unawapitisha papi mmoja mmoja mkononi, tumbo, makwapa, mkia. Ukiona kitundu paka vaselini nene, funza akikosa hewa anajitokeza, mkamue taratibu bila kumpasua.

Kuanzia siku ya 58 mpime mama joto la mwili mara mbili tatu kwa siku. Kawaida ni nyuzi 38 na kitu, likishuka chini ya 37 jua ndani ya siku moja hivi anazaa. Hapo unaghairi safari, unapigia daktari kumwambia leo leo, na unampigia mtu mwenye gari maana bodaboda haibebi mbwa wa kilo 30 anayezaa. Anasukuma kwa nguvu nusu saa hakuna kitu, piga simu. Yamepita masaa mawili na unajua bado wapo, piga simu. Uchafu wa kijani umetoka kabla ya papi wa kwanza, usisubiri hata dakika. Na sindano ya kuongeza uchungu asichome mtu asiyemchunguza, papi akiwa amekaa vibaya, kizazi kinapasuka.

Wiki nane

Mizani ya jikoni ya kidijitali, daftari, uzi wa rangi tofauti shingoni kwa kila papi. Unapima kila siku asubuhi. German Shepherd anazaliwa na gramu 400 mpaka 600 hivi, siku ya kwanza anaweza kupungua kidogo, baada ya hapo kila siku lazima aongezeke na kama siku ya kumi awe karibu mara mbili. Asiyeongezeka siku moja unamweka chuchu za nyuma zenye maziwa mengi, siku ya pili unampeleka kwa daktari. Mizani inakuonya kabla macho yako hayajaona.

Mama akifa au akikosa maziwa, wewe ndo mama. Kila masaa mawili mpaka matatu, usiku na mchana, papi nane, maziwa ya unga ya papi na siyo ya ng'ombe matupu maana mafuta na protini hazitoshi, analishwa akiwa amelala kifudifudi, ukimlaza chali kama mtoto mchanga maziwa yanaingia mapafuni. Ukimaliza unampangusa chini na pamba yenye maji ya vuguvugu ndo akojoe. Mpaka unamaliza wa nane, wa kwanza ameshakaribia zamu yake. Kama unafanya kazi ya kuajiriwa jiulize mapema nani atafanya hivyo, na utamlipa nini.

Mama naye anakula mara mbili mpaka tatu ya kawaida yake wiki ya tatu na ya nne ya kunyonyesha. Ukimwona anatetemeka, anahema, anatembea amekakamaa, watoe papi kwenye maziwa na mkimbize, kalsiamu imeisha na anaweza kufa siku hiyohiyo. Chuchu zikaguliwe kila siku, na kucha za papi zikatwe maana zinamchana.

Minyoo wanazaliwa nayo, inapita kwa mama, kwa hiyo dawa wiki ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8. Papi nane mara nne ni dozi 32, kila mmoja kwa uzito wake wa siku hiyo. Chanjo ya kwanza wiki ya 6 mpaka 8, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16, ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu. Stika ya kichupa cha chanjo ibandikwe kwenye kadi yenye jina la papi na sahihi ya daktari. Pavo, ugonjwa wa virusi wa kuhara damu, ndo inamaliza mabanda, virusi vinakaa kwenye udongo miezi mingi, vinaingia na viatu vya wageni, kwa hiyo wanaokuja kuangalia papi wavue viatu, wanawe, na kama wametoka kuangalia papi kwingine siku hiyo warudi kesho. Sakafu ioshwe kinyesi kitoke kwanza, afu Jik kipimo kimoja kwa maji vipimo ishirini, ikae dakika kumi.

Wiki ya 3 mpaka ya 12 ndo mbwa anajifunza dunia ikoje. Wapo wanaoamini papi akifungiwa gizani anakua mkali wa kulinda, kumbe anakua mwoga, na mwoga anauma mtoto wa mwenye nyumba. Wazoeshe sauti ya jenereta, ya ndoo, mwanamke aliyevaa baibui, mtoto anayekimbia, mzee mwenye fimbo, kushikwa masikio na miguu. Kila papi peke yake dakika chache kila siku mbali na wenzake, na kwa papi nane hapo saa nzima imeshaondoka.

Majirani ni sehemu ya hesabu pia. Papi wa wiki sita wanalia alfajiri yote, kinyesi kinanuka, na jirani Mwislamu anayepita kwenda msikitini hataki mate ya mbwa yamguse kabla ya swala, ni haki yake. Jenga uzio wa kuzuia pua siyo mbwa tu, chimba shimo la kinyesi mbali na kisima, na nenda ukawaeleze kabla hawajaja wao. Jirani aliyechoka anaweza kutupa sumu juu ya ukuta.

Kuuza, na baada ya kuuza

Usitoe papi kabla ya wiki nane. Madalali watakupigia wiki ya nne wakisema mteja yuko tayari na hela mkononi, na wewe wakati huo ndo chakula kinaisha kwa kasi kuliko wakati wowote, hapo ndo msimamo unapimwa. Papi aliyetolewa wiki ya nne hajafundishwa na mama na ndugu zake kwamba kuuma kunauma.

Mnunuzi muulize maswali hata akikasirika. Uzio upo? Nani analisha ukisafiri? Mbwa atakaa wapi mchana? Anayesema atamfunga mnyororo siku nzima mwambie hapana kwa heshima. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kutesa mnyama ni kosa, kwa hiyo huna haja ya kuona aibu kukataa. Kwenye mkataba andika kwamba akishindwa kumtunza, wakati wowote, mbwa anarudi kwako, siyo kuuzwa wala kutupwa. Na ukiandika hivyo maana yake uwe na banda moja tupu muda wote na chakula cha mbwa mzima ambaye hukumtegemea. Mpe pia kadi ya chanjo, nakala za picha za nyonga za wazazi wote wawili, chakula cha siku kadhaa alichozoea, na namba ya daktari. Mpigie wiki ya kwanza. Mpigie tena mbwa akifika mwaka, muombe mbwa apigwe picha ya nyonga, maana usipojua watoto wametokaje hujui kama umzalishe tena yule mama au umstaafishe.

Wakibaki papi watatu hawajanunuliwa wakiwa na miezi minne, wote watatu wanakula, wanachanjwa na wanafundishwa kama mbwa wako. Usishushe bei mpaka mtu yeyote akachukua.

Jike apumzike, uzao mmoja kwa mwaka unatosha, akifika miaka sita au akishazaa mara nne basi, na akifanyiwa upasuaji mara mbili basi hata kama ana miaka mitatu. Hapo atolewe kizazi kwa upasuaji, maana jike mzima asiyezaa anaweza kupata usaha kwenye kizazi na ule unaua haraka. Fanya miezi mitatu hivi baada ya joto la mwisho, mishipa imetulia na damu haitoki sana. Bado ana miaka mitano, sita ya kuishi, anakula zile kilo 12 mpaka 15 kila mwezi na haingizi shilingi. Hela yake itoke kwenye papi aliokuzalia, itenge siku unayouza, kwenye bahasha ileile ya upasuaji.